Je, Anayelia Amekosa Subira? Ustahimilivu wa Mwanafunzi Aliye Ugenini

Ustahimilivu wa mwanafunzi aliye ugenini ni uwezo wake wa kuendelea kuishi, kusoma na kupatana na watu wakati karibu kila kilichokuwa kikimtegemeza kimebaki nyumbani. Wanaosoma vyuo vikuu nje ya nchi zao sasa ni zaidi ya milioni 6 duniani, na afya yao ya akili inazungumzwa katika ofisi za vyuo, misikitini, makanisani na kwenye vikao vya familia. Mara nyingi mazungumzo hayo huishia kwenye ushauri mmoja: avumilie. Ndani ya ushauri huo mna swali ambalo dini na falsafa zimelijadili kwa karne nyingi. Kuvumilia ni kufanya nini hasa? Ni kunyamaza na kuubana moyo, au mtu anaweza kulia, kulalamika na kuomba msaada na bado akahesabiwa miongoni mwa wenye subira? Na je, subira ni mali ya mtu mmoja, imo kifuani mwake tu, au ni kitu ambacho watu hupeana?

Swali hilo si la nadharia tupu, kwa kuwa mzigo wenyewe unashikika. Mwanafunzi wa Mombasa au Tanga anayefika Edinburgh mwezi wa Septemba amezoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Mwishoni mwa Desemba jua la mji huo huchomoza kama saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama kama saa tisa na dakika arobaini alasiri. Akiwa Mwislamu, adhuhuri, alasiri na magharibi zote humwingilia katika muda usiofika saa nne. Anaingia maabara baada ya chakula cha mchana na anapotoka usiku umeshatanda. Usingizi huharibika, hamu ya kula hupungua, na siku nzima huonekana imekwisha kabla haijaanza.

Giza hata hivyo huzoeleka. Vigumu zaidi ni fedha na karatasi. Viza ya mwanafunzi wa shahada nchini Uingereza kwa kawaida humruhusu kufanya kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wanaosoma kozi za darasani hawaruhusiwi kufuatana na mke, mume wala watoto. Sarafu ya Nigeria ilipoporomoka kuanzia Juni 2023, Wanigeria waliokuwa katikati ya masomo yao huko walibaki wakidaiwa ada ileile kwa pauni, huku akiba ya wazazi wao ikiwa imepungua thamani. Na ugonjwa wenyewe una bei yake. Chuo ndicho kinachomdhamini mgeni mbele ya serikali. Akiugua na kusimamisha masomo kwa zaidi ya siku 60, kwa kawaida chuo huacha kumdhamini, na hapo viza hukatizwa. Mwenyeji akizidiwa na mawazo huenda akapumzika muhula mmoja kwa mama yake kisha akarudi darasani. Mgeni akizidiwa hujiuliza kwanza kama kupumzika kutamrudisha nyumbani mikono mitupu. Wengi huchagua kuendelea wakiwa wagonjwa, na uamuzi huo, kwa macho ya anayewatazama kwa mbali, hufanana sana na subira.

Wataalamu wa elimu ya jamii walianza kuyaeleza mambo haya kwa utaratibu baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954, aliuelezea mshtuko wa utamaduni kuwa ni aina ya maradhi yanayowapata watu waliohamishwa ghafla katika nchi za kigeni. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha utafiti juu ya Wanorwe 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, akaichora safari ya mgeni kuwa ina furaha mwanzoni, kisha kushuka, kisha kupanda tena. Mchoro huo umeenea katika vitabu vya kuwakaribisha wanafunzi wageni. Tafiti za baadaye, zikiwamo za Colleen Ward na wenzake, hazikuuthibitisha: kwa wengi dhiki huwa kubwa mwanzoni kabisa, mara tu wanapofika. Ubaya wa mchoro wa Lysgaard si takwimu peke yake. Humwambia aliye chini kwamba kazi yake ni kungoja, kupanda kutakuja kwenyewe. Hapo mtaalamu hufanana na jamaa anayemwambia mgonjwa kwamba mvumilivu hula mbivu kisha akakata simu.

Kati ya walimu wa kale waliokabiliana uso kwa uso na wanafunzi wenye majonzi ya nyumbani, Epictetus anastahili kusikilizwa kwa makini. Alikuwa mtumwa, akapata uhuru, na wanafalsafa walipofukuzwa Roma wakati wa mfalme Domitian akahamia Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki, akafungua shule. Vijana walimjia kutoka miji ya mbali, na mmoja wao, Arrian, ndiye aliyeyaandika mafundisho yake. Humo wanafunzi wanaolia kwa kuwakosa jamaa, marafiki na mahali walipokulia hutajwa zaidi ya mara moja, na mwalimu hawabembelezi. Kwake mambo yote ni mafungu mawili, yaliyo katika uwezo wa mtu na yasiyo. Mji anaoishi, afya ya wazazi wake, kauli za watu juu yake, vyote vimo katika fungu la pili. Hukumu anayoipitisha moyoni juu ya vitu hivyo ndiyo iliyo mkononi mwake, na huzuni, kwa fundisho hili, huzaliwa na hukumu.

Fundisho hilo lina nguvu ambayo haijachakaa. Albert Ellis na Aaron Beck, walioweka misingi ya tiba ya kurekebisha fikra katika karne ya 20, walikiri deni lao kwa Wastoiko, wanafalsafa wa mkondo wa Epictetus. Mfano wa matumizi yake hupatikana katika jambo dogo kama alama za mtihani. Mwanafunzi aliyezoea kupata 85 nyumbani hupewa 62 kwenye insha yake ya kwanza Uingereza, na usiku ule hapati usingizi. Tayari amejihukumu kuwa hafai, amewapotezea wazazi fedha, na walimu wamemgundua. Ukweli ni kwamba katika vyuo vya huko 70 huhesabiwa kuwa daraja la juu kabisa, na 62 ni kazi nzuri. Tukio ni moja, hukumu ni nyingine, na kuitenganisha moja na nyingine kunaweza kumrudishia mtu usingizi wake. Hapa Epictetus ni tabibu.

Anapopungukiwa ni pale anapoyaweka mambo yote yasiyo katika uwezo wa mtu kwenye fungu moja, kana kwamba kuzama kwa jua na kanuni ya viza ni vitu vya jamii moja. Kisicho katika uwezo wa mtu mmoja huenda kimo katika uwezo wa watu kumi, au wa baraza la chuo, au wa bunge. Anayemfundisha mwanafunzi kuyakubali yote mawili kwa utulivu uleule humfanya amtii kamishna wa uhamiaji kama anavyoitii kudura.

Katika Uislamu subira ina hadhi ambayo falsafa haikuipa, kwa kuwa imeunganishwa na radhi za Mungu mwenyewe. Ndiyo maana kutumiwa kwake vibaya kunaumiza zaidi. Mwanafunzi anayesema hali yake imekuwa mbaya huambiwa kwamba imani yake imepungua, na maradhi yanageuka kuwa dhambi. Kisa kinachowajibu wanaosema hivyo kimo katika Sura ya Yusuf, sura ya kijana aliyeng'olewa kwao na kupelekwa Misri. Yakubu, baba yake, anajifunga mwanzoni kabisa kuwa na subira iliyo njema. Kisha miaka inapita na mzee huyo analia mpaka macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Wanawe wanamkemea kwamba atajiangamiza kwa kumkumbuka Yusuf, naye anawajibu kwamba majonzi yake anayashitaki kwa Mungu. Hakuna mahali ambapo Qurani inasema subira yake ilivunjika siku aliyolia. Machozi na subira vimekaa katika mtu mmoja, tena nabii.

Pana hoja ya upande wa pili, nayo haifai kurukwa. Wafasiri wengi wamesema kwamba subira njema ni ile isiyo na malalamiko kwa viumbe. Yakubu alilalamika kwa Mola wake, hakulalamika kwa watu. Je, basi, mwanafunzi anayekwenda kwa mshauri nasaha wa chuo ameivunja? Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1350, alilitazama swali la namna hii katika kitabu chake juu ya subira. Alitofautisha kulalamika kwa maana ya kuchukia kudura na kueleza hali kwa anayeweza kuongoza au kusaidia kuondoa madhara. Mgonjwa anayemweleza tabibu hajatoka katika subira. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyopewa katika mawaidha mengi, maana humpa mwenye dhiki ruhusa ya kufungua kinywa bila kuiogopea imani yake.

Imam Ghazali hakuandika tu juu ya subira. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, chuo kilichovuta wanafunzi kutoka kila upande, na mwenyewe alikuwa mgeni pale, mzaliwa wa Tus katika Khurasan. Kwa kiasi cha miezi sita alivutwa huku na huku moyoni juu ya maisha aliyokuwa akiishi, mpaka siku moja ulimi ukagoma. Alijaribu kufundisha ili kuwaridhisha wanafunzi wake, na neno halikutoka. Chakula kikawa hakimezeki wala tumbo halisagi. Matabibu walikata tamaa, wakasema ugonjwa umeanzia moyoni na ndiko unakopaswa kutibiwa. Ghazali aliyaandika haya yote baadaye, kwa jina lake, katika kitabu cha kueleza maisha yake. Akaacha cheo, akagawa mali isipokuwa ya kuwatosha yeye na watoto, akaondoka Baghdad. Aliyetunga mlango mzima juu ya subira na shukrani katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini ndiye huyu aliyeshindwa kusema mbele ya darasa. Ni vigumu kumtaja mwenye elimu zaidi yake katika jambo hili, na ni vigumu zaidi, baada ya kumsoma, kuendelea kusema kwamba kuvunjika ni alama ya imani haba.

Biblia inalieleza jambo hilohilo kwa njia yake. Ayubu anatajwa katika Waraka wa Yakobo kuwa mfano wa uvumilivu, ilhali sehemu kubwa ya kitabu chake ni malalamiko, mengine makali kiasi cha kumtisha msomaji mchamungu. Rafiki zake walifanya vyema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kumtafutia kosa. Naye nabii Eliya, akimkimbia Yezebeli, alifika jangwani akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumpa hotuba. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Neno la Mungu lilikuja baadaye, pangoni. Mpangilio huo, chakula na usingizi kwanza, maneno baadaye, wangefaa kuujua wachungaji wote wanaowapokea wanafunzi wageni.

Hata sheria za ibada zinakiri kwamba ugeni hudhoofisha. Katika hukumu ya funga ya Ramadhani msafiri na mgonjwa wametajwa pamoja, na wote wawili wamepewa nafasi ya kulipa siku nyingine. Msafiri hupunguza sala. Miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahili zaka yumo msafiri aliyekatikiwa na njia. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani ya Afrika Mashariki, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili amekuwa mkazi. Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka mitatu hapunguzi sala. Msingi wenyewe, hata hivyo, umebaki: mafakihi wamekubaliana kwamba uzito huleta wepesi. Sheria iliyomwonea huruma mtu wa safari ya siku mbili haiwezi kutumiwa kumnyima huruma aliyekaa mbali na kwao miaka mitatu.

Dini zikisomwa hivi zinajibu nusu ya kwanza ya swali. Nusu ya pili, kama subira ni ya mtu mmoja au ya wengi, inaonekana wazi zaidi katika simu ya Jumapili. Mama anauliza, "Mwanangu, umekula?" Kijana anajibu, "Nimekula, mama." "Na baridi?" "Nimeshaizoea." Hajala, na hajaizoea. Anajua kwamba tiketi ilichangiwa na ukoo, kwamba shamba liliuzwa au mkopo ukachukuliwa, na kwamba mdogo wake anasubiri zamu. Upande wa pili wa simu nako kuna kinachofichwa. Bibi alifariki wiki mbili zilizopita na wazee wamekubaliana kijana asiambiwe mpaka amalize mitihani. Atazikumbuka baadaye simu alizopiga akimwulizia bibi na kuambiwa amelala. Kila upande unamlinda mwenzake, kwa mapenzi ya kweli, na matokeo yake ni watu wawili wanaoteseka peke yao kwa wakati mmoja. Uongo wa aina hii hausaidii. Anayefichwa msiba hunyimwa pia matanga, na matanga ndiyo njia iliyowekwa na jamii ili mtu asilie peke yake.

John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kenya mwaka 1931 na kupata shahada ya uzamivu Cambridge mwaka 1963, alishikilia katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu hapati kuwa mtu ila ndani ya jamaa zake, walio hai na waliotangulia. Fikra hiyo inaeleza kwa nini upweke wa ughaibuni unauma kuliko upweke wa kawaida. Aliyelelewa katika nyumba ambamo kula peke yake ni jambo la aibu, akipewa chumba chenye jiko lake na ufunguo wake, hukosa zaidi ya mazungumzo. Hukosa watu ambao kwao yeye ni mtoto wa fulani.

Lakini jamaa hizohizo hubana. Katika chama cha wanafunzi wa nchi moja, chenye pilau la Idi na sherehe za uhuru, mwenye maradhi ya akili huwa wa kwanza kujitenga, maana maneno yatafika nyumbani kabla yake. Wapo pia wanaoharakisha kusema ni jini, ni mkono wa mtu, ni kukosa sala. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi anayeficha anafanya hivyo kwa kuwaogopa haohao wanaomwambia asifiche. Jamaa hawi tiba mpaka awe mtu wa siri. Sharti hilo watetezi wa maisha ya kijamaa hulipitia haraka mno.

Utafiti wa kisasa unaelekea upande huohuo. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati ya waliokulia katika hatari nyingi, kama theluthi moja walifikia utu uzima wakiwa watu imara. Pamoja na tabia zao wenyewe, kilichowasaidia ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba, na mara nyingi jumuiya ya dini au ya mtaa. Ann Masten, akiandika mwaka 2001, alisema ustahimilivu hutokana na mambo ya kawaida kabisa, wala si kipawa cha wachache. Huko Harare, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianzisha mwaka 2006 Benchi la Urafiki: akina bibi wa mtaani walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu apange tatizo moja moja, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, yenye washiriki 573, yalionyesha kwamba dalili za mfadhaiko na za wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokaa na bibi hao kuliko kwa waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Bibi wa benchi ana yale mawili yanayotakiwa: ni mtu wa karibu, na kazi yake inamfunga kutunza siri.

Kwa hiyo chuo kinachowapa wageni semina ya ustahimilivu na kuziacha kanuni zake zilivyo kimefanya kazi nusu. Ustahimilivu wa mwanafunzi hauwezi kudaiwa kwake peke yake wakati vinavyouvunja vimewekwa na wengine. Sheria za Marekani zinaonyesha kwamba njia nyingine inawezekana: mwanafunzi mgeni mwenye ushahidi wa daktari anaweza kuruhusiwa kupunguza masomo, au hata kusimama kabisa, kwa jumla ya miezi 12 katika ngazi moja ya masomo, bila kupoteza hadhi yake ya viza. Kanuni kama hiyo inalinda akili nyingi kuliko mabango ya ukutani, na vyama vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vina haki ya kuidai huko Uingereza.

Wakati hayo yakidaiwa, yapo yaliyokwisha kulipiwa. Anayeomba viza ya masomo ya zaidi ya miezi sita Uingereza hutozwa pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya huduma ya afya ya taifa, na fedha hiyo hutolewa kabla ya safari. Wengi huilipa kisha hawajiandikishi kwa daktari yeyote mpaka hali iwe mbaya. Mwanafunzi na ajiandikishe wiki ya kwanza, kabla ya kuumwa chochote, na amwambie daktari kwamba halali, kwamba moyo unakwenda mbio, kwamba mawazo yamemzidi. Hakuna haja ya kungoja apate jina la kitabibu. Anayefikiria kujiua Uingereza anaweza kupiga 111 na kuchagua huduma ya afya ya akili, saa yoyote ya usiku au mchana. Marekani namba ni 988.